Dylan na gitaa kavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu albamu ya Good as I Been to You

Kila nikiitaja albamu hii ya Bob Dylan, ile aliyoiimba peke yake bila kutunga hata wimbo mmoja, hurudi maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu hakuna la kuongeza. Mengine yamenichukua jioni nzima na thermosi ya chai.

Ni albamu gani hasa?

Good as I Been to You, iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwishoni mwa mwaka 1992. Ina nyimbo 13 na inakwenda kwa takriban dakika 55. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna waitikiaji. Yupo mtu mmoja, gitaa, na harmonika hapa na pale. Dylan alikuwa na miaka 51, na hakuwa ametoa albamu nzima akiwa peke yake na gitaa kavu tangu mwaka 1964.

Jina la albamu limechukuliwa kwenye wimbo wa bluzi ulioimbwa na Blind Blake miaka ya 1920. Ni maneno ya mtu anayeachwa na mpenzi: pamoja na wema wote niliokutendea, leo unaniacha?

Mwaka uliofuata, Oktoba 1993, ikatoka ndugu yake, World Gone Wrong, yenye nyimbo 10. Ukiuliza kuhusu moja, huwezi kukwepa kuizungumzia na ya pili.

Mtunzi mkubwa hivyo, kwa nini aimbe nyimbo za watu wengine?

Wengi huuliza hili kama vile mzee aliishiwa. Kuna ukweli kidogo. Albamu yake ya mwaka 1990, Under the Red Sky, ilipokelewa kwa ubaridi, na baada yake hakutoa albamu nyingine ya tungo zake mpaka mwaka 1997. Miaka saba kwa mtu ambaye ujanani alitoa albamu mbili kwa mwaka si kidogo.

Lakini anayesema Dylan "alikimbilia" nyimbo za jadi anasahau alikotokea. Albamu yake ya kwanza kabisa, ya Machi 1962, ilikuwa na nyimbo 13, na alizotunga yeye zilikuwa mbili tu. Zilizobaki zilikuwa za wahenga na za wakongwe wa bluzi. Kijana wa Minnesota alifika New York akiwa na gitaa na kichwa kilichojaa nyimbo za watu waliokufa zamani, na ndizo zilizomfundisha kutunga. Mwaka 1997 aliliambia gazeti la New York Times kwamba nyimbo hizo za kale ndizo kamusi yake na kitabu chake cha sala. Mwaka 2015, akipokea heshima ya MusiCares, shirika la kusaidia wanamuziki, huko Los Angeles, alieleza jambo hilohilo kwa kirefu: tungo zake hazikudondoka kutoka mbinguni, zilitokana na kuziimba nyimbo za jadi mara nyingi kupita kiasi.

Kwa hiyo mimi huona mwaka 1992 kama mtu aliyepotea njia akaamua kurudi mpaka pale alipoikumbuka mara ya mwisho. Pale palikuwa nyimbo hizi.

Ilirekodiwa wapi?

Gerejini. Sifanyi utani: studio ilikuwa kwenye gereji ya nyumba yake Malibu, pwani ya California. Kabla ya hapo, mwezi Juni 1992, alikwenda Chicago kurekodi na mpiga gitaa David Bromberg pamoja na bendi. Walirekodi nyimbo nyingi kwa siku chache, kisha kazi ile ikawekwa kabatini. Dylan akarudi nyumbani.

Prodyuza wa albamu ni Debbie Gold, na fundi mitambo alikuwa Micajah Ryan. Kwa simulizi ya Ryan, Dylan alikuwa akija na nyimbo kadhaa kichwani, anauimba wimbo mmoja kwa kila ufunguo na kila mwendo: anaupandisha, anaushusha, anauharakisha, anaupunguza, mpaka ukae. Wazo la mwanzo lilikuwa kupata nyimbo chache za kuchanganya na zile za Chicago. Zile chache zikaizaa albamu nzima.

Sauti yake mbona imekwaruza hivyo? Nimenunua nakala mbovu?

Nakala yako ni nzima. Mimi pia mara ya kwanza nilidhani kanda imeliwa na mashine.

Sauti ya Dylan mwaka 1992 ilikuwa imechakaa. Ilikuwa ya puani, yenye mikwaruzo, na katika baadhi ya maneno pumzi inaisha kabla ya mstari kuisha. Gitaa nalo halikusafishwa: kuna nyuzi zinazogongana na kuna mahali anakosea kidogo na kuendelea. World Gone Wrong ndiyo chafu zaidi, mpaka kuna sehemu unahisi kipaza sauti kimezidiwa.

Hata hivyo, sikiliza anavyotamka. Anajua kisa chote kabla hajaanza, kwa hiyo hana haraka. Neno la muhimu anaweza kulitupa kama halina thamani, halafu linakurudia baada ya mistari miwili. Kijana wa miaka ishirini mwenye sauti tamu angeviimba visa hivi kama mtu aliyevisoma. Huyu anaviimba kama jirani aliyekuwepo. Kwa hiyo mkwaruzo siuhesabu kama kasoro ya kuvumiliwa, ingawa siwezi kumlaumu mtu anayezima baada ya nyimbo mbili.

Unaposema "gitaa kavu" una maana gani? Na lina uhusiano wowote na magwiji wetu?

Gitaa kavu ni gitaa lisilo la umeme, lile ambalo Tanzania wengine huliita galatoni. Sauti inatoka kwenye tundu la mbao, basi.

Kuhusu uhusiano, upo, na haupitii kwa Dylan mwenyewe. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, alikuwa akifanya jambo ambalo kiufundi ni ndugu wa hili: mtu mmoja, gitaa kavu, kidole gumba kikishika nyuzi nene na kidole cha shahada kikicheza nyembamba, huku akiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, jukwaa lilelile ambalo Dylan alilipanda kati ya mwaka 1963 na 1965. Sisemi walijifunza kutoka kwa mwenzake. Ila msikilizaji aliyekulia Lubumbashi au Nairobi akisikiliza nyimbo za mtu kama Mwenda hahitaji kuelezwa kwamba gitaa moja linatosha kuwa bendi.

Bluzi na nyimbo za jadi si kitu kimoja?

Hapana, ingawa kwenye albamu hii zinalala kitanda kimoja.

Nyimbo nyingi za jadi hapa ni nyimbo za visa. Zilitoka Uingereza, Uskochi na Ayalandi, zikavuka bahari na wahamiaji, zikabadilika majina ya watu na ya miji. Msomi wa Marekani Francis James Child alikusanya 305 za aina hiyo na kuzichapisha kati ya mwaka 1882 na 1898, akazipa namba. Watafiti mpaka leo huziita kwa namba hizo. Blackjack Davey, inayosikika kwenye albamu hii, ni ya ukoo wa namba 200.

Bluzi ni ya Wamarekani weusi wa Kusini. Umbo lake la kawaida ni rahisi kulishika: mwimbaji anasema mstari, anaurudia, kisha wa tatu unaujibu. Haina haja ya kusimulia kisa chenye mwanzo na mwisho. Inakupa hali ya mtu, kama mtu aliyekaa kizingitini na kulalama. Kwenye Good as I Been to You utaipata Sittin' on Top of the World, ambayo kundi la Mississippi Sheiks liliirekodi mwaka 1930.

Mpaka kati ya hivi viwili una matundu mengi. Stack A Lee, iliyomo kwenye World Gone Wrong, ni kisa cha Wamarekani weusi wa St. Louis, lakini Dylan aliifuata jinsi alivyoirekodi Frank Hutchison, mzungu wa West Virginia aliyewahi kufanya kazi migodini, mwaka 1927.

Sifuati Kiingereza chake. Nyimbo zinasimulia nini?

Nitagusa zile ninazozipenda tu.

Arthur McBride ni wimbo wa Kiayalandi. Binamu wawili wanatembea pwani asubuhi ya Krismasi, wanakutana na sajini anayetafuta vijana wa kuingia jeshini. Anawaahidi pesa na nguo nzuri. Wanamjibu kwamba nguo zenyewe si zake, na watakachopata ni kupelekwa Ufaransa kupigwa risasi. Maneno yanakuwa makali, fimbo zinatembea, na ngoma ya yule kijana mpiga ngoma inaishia baharini. Ni kama dakika sita, na huchoki.

Jim Jones ni mfungwa anayesafirishwa kutoka Uingereza kwenda Australia. Dhoruba na maharamia havimtishi kama anakopelekwa. Anaapa kwamba siku moja atatoroka ajiunge na majambazi wa porini, na waliomchapa watalipa.

Canadee-i-o ni ya binti anayevaa kibaharia ili amfuate mpenzi wake. Mabaharia wanagundua, wanataka kumtosa, nahodha anamwokoa na mwishowe anamwoa. Mpenzi wa mwanzo wimbo unamsahau kabisa, jambo ambalo hunichekesha kila mara.

Na ya kufungia ni Froggie Went A-Courtin', ya Chura anayekwenda kuposa. Bi Panya anamjibu kwamba bila idhini ya Mjomba Panya asingeolewa hata na rais. Mtu wa pwani akisikia hapo anatikisa kichwa: mambo ya posa ni yaleyale. Wimbo huu ni mkongwe ajabu, umetajwa Uskochi kwenye andiko la katikati ya karne ya 16.

Frankie na Albert walikuwepo kweli?

Hawa ni wa Frankie & Albert, wimbo wa kwanza wa Good as I Been to You. Walikuwepo, na hili ni jambo linalonisumbua kidogo.

Oktoba 1899, mjini St. Louis, Frankie Baker, mwanamke mweusi kijana, alimpiga risasi mpenzi wake, Allen Britt, ambaye wimbo unamwita Albert. Mahakama ilimwachia huru kwa kuona alijitetea. Lakini wimbo ulikuwa umeshatoka mtaani, na wimbo haukatiwi rufaa. Ndani yake yeye ni mwanamke mwenye wivu aliyemuua mwanamume kwa sababu ya mwanamke mwingine. Alihama St. Louis, akaishia Portland, Oregon, na wimbo ukamtangulia. Filamu zilipotengenezwa kutokana na kisa hicho alikwenda mahakamani kudai haki yake, akashindwa. Alifariki mwaka 1952.

Visa viwili vya World Gone Wrong navyo ni vya kweli. Stack A Lee ni Lee Shelton, aliyemuua Billy Lyons kwenye baa huko St. Louis usiku wa Krismasi 1895, ugomvi ukihusu kofia. Delia ni Delia Green wa Savannah, Georgia, aliyepigwa risasi na mvulana wake wakati wa Krismasi ya mwaka 1900. Alikuwa na miaka 14. Ukishajua umri huo, jinsi Dylan anavyouimba polepole, akirudia kwamba marafiki wote aliowahi kuwa nao wamekwenda, inakuwa vigumu kuendelea na kazi nyingine.

Nimesikia Dylan aliiba nyimbo hizi. Ni kweli?

"Kuiba" ni neno kubwa, lakini malalamiko yalikuwa na msingi.

Nyimbo za jadi hazina mwenyewe, kwa hiyo yeyote anaweza kuziimba. Tatizo ni mpangilio, yaani namna mtu alivyouchukua wimbo wa zamani akaupa gitaa jipya, mwendo mpya, labda hata lahani mpya. Hiyo ni kazi ya mtu anayejulikana, na mara nyingi yuko hai. Good as I Been to You iliandika kwa jumla kwamba nyimbo ni za jadi na mpangilio ni wa Dylan. Waliokuwa wakizijua nyimbo hizi wakaanza kuhesabu. Arthur McBride inafuata kwa karibu mno ile ya Paul Brady wa Ayalandi, iliyotoka mwaka 1976. Canadee-i-o inakumbusha moja kwa moja ile ya Mwingereza Nic Jones ya mwaka 1980. Jones huyu alipata ajali mbaya ya gari mwaka 1982 iliyokatisha kazi yake, kwa hiyo wengi waliona uchungu zaidi kwamba jina lake halikutajwa. Jim Jones ilifikishwa kwa wanasheria, na mpangilio ukatambuliwa kuwa ni wa Mick Slocum wa Australia. Na Hard Times hata ya jadi si ya jadi: ilitungwa na Stephen Foster mwaka 1854, ingawa haki zake zilikuwa zimekwisha zamani.

Aliyefuatilia mzozo wa nani hasa mwenye Malaika anajua maswali haya hayana majibu ya dakika mbili. Maoni yangu: kuziimba kwa njia ya wengine si dhambi, ndivyo nyimbo hizi zilivyofika hapa. Kutowataja ndiyo dhambi. Mwimbaji wa kale alisema "nimejifunza kwa fulani" bila kuombwa, na karatasi ya albamu ingeweza kubeba majina manne.

Inaelekea Dylan alisikia. World Gone Wrong ilikuja na maandishi marefu aliyoyaandika mwenyewe, akieleza kila wimbo umetoka kwa nani: huu ulikuwa ukiimbwa na Tom Paley, huu nilionyeshwa na Jerry Garcia, huu wa Mississippi Sheiks, huu niliupata kwenye rekodi ya Doc Watson. Kiingereza chake humo kimepindapinda kama njia ya mlimani, lakini majina yapo.

Kati ya hizo mbili, ipi bora?

World Gone Wrong. Ni nzito na ya giza: mauaji, vita, kifo, na wimbo wa mwisho unasimama kaburini. Good as I Been to You ina tabasamu ndani yake, ndiyo maana naipendekeza kwa mgeni. Lakini usiku, nikiwa peke yangu, mkono huifuata ile ya pili.

Ziliuza? Zilipata tuzo?

Hazikuuza sana. Ya kwanza ilifika namba 51 Marekani na namba 18 Uingereza, ya pili ikashuka zaidi. World Gone Wrong ilishinda Grammy ya albamu bora ya muziki wa jadi.

Zilimsaidia nini baadaye?

Mwaka 1997 akatoa Time Out of Mind, iliyoshinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Humo, na katika albamu zilizofuata, misamiati ya nyimbo hizi za kale imetapakaa: barabara ndefu, treni, mtu anayetembea asiyejua anakokwenda, mistari inayorudiwa na kujibiwa kama bluzi ya miaka ya 1930. Alipopata Nobel ya Fasihi mwaka 2016, wengi walijadili tungo zake za miaka ya 1960. Mimi nilikuwa nawaza ile gereji ya Malibu, maana sioni jinsi uzee wake wa utunzi ungekuja bila majira yale mawili.

Zile zilizobaki kabatini zinapatikana?

Chache. Mkusanyiko wa Tell Tale Signs wa mwaka 2008 una nyimbo mbili za Chicago na Bromberg, Duncan and Brady na Miss the Mississippi, pamoja na masalio ya mwaka 1993.

Nianzie wapi, na vipi?

Usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Hard Times, kwa sababu lahani yake inashikika haraka na sauti yake iliyochoka inauendana wimbo wenyewe. Kisha Arthur McBride, ukiwa na dakika sita za kukaa kimya. Kisha Tomorrow Night, wimbo wa mapenzi ambao Lonnie Johnson aliupatia umaarufu mwaka 1948, hapo utapumzika. Baada ya hizo tatu rudi mwanzo uisikilize yote.

Kwenye spika ndogo ya simu gitaa linakuwa bati tupu, kwa hiyo tafuta visikizio, hata vya bei rahisi. Kama kuna watoto nyumbani, wawekee wa Chura. Watauliza walimalizikaje, na utalazimika kuwaambia kwamba wote walimezwa na nyoka mkubwa mweusi wakivuka ziwa.